Bonde la Kilombero Ndilo Mtambo wa Kwanza

(Maelezo ya mazungumzo kwa wananchi wa Ifakara juu ya umeme, maji na mabadiliko ya tabianchi)



Mkazi wa Dar es Salaam abonyezapo swichi na kuona taa inawaka, mawazo yake huenda kwenye uniti za LUKU zilizobaki. Ni nadra kwake kuifikiria mvua iliyoangukia milima ya Udzungwa, Mahenge na nyanda za Mufindi na Njombe, ikateremka kwa vijito mpaka uwanda wa Kilombero, ikatuama katika matete ya bonde hili, kisha ikaendelea polepole kuelekea Rufiji. Lakini umeme wa nchi hii, kwa sehemu kubwa, ndiyo mvua hiyo. Kwa hiyo, kila panapozungumzwa jinsi tasnia ya umeme inavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, hapana budi mazungumzo yaanzie hapa bondeni, na wala si katika ofisi zilizo mbali na maji.

Hesabu zenyewe ni wazi. Mto Kilombero hukutana na mto Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Kati ya maji yote ya Rufiji, takriban asilimia 62 hutoka Kilombero, asilimia 18 Luwegu, na asilimia 15 Ruaha Mkuu, ingawa Ruaha Mkuu ndio unaokusanya maji kutoka karibu nusu ya eneo lote la bonde la Rufiji. Maana yake ni kwamba ardhi hii ya Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, pamoja na milima inayoizunguka, ndiyo hazina kubwa ya maji ya mto mkubwa kuliko yote nchini.

Taifa liliitambua hazina hii mapema. Mwaka 1975 mtambo wa Kidatu ulianza kazi kwa megawati 100, na mwaka 1980 uwezo wake ulifikishwa megawati 204. Mwaka huo huo wa 1975 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Rufiji, RUBADA. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuihifadhia Kidatu maji ya kiangazi, na mwaka 1988 likawekewa mtambo wake wa megawati 80. Mwaka 2000 ukafuata mtambo wa Kihansi wa megawati 180. Hatimaye Bwawa la Julius Nyerere, lililokuwa likitajwa katika mipango kwa miongo mingi kwa jina la Stiegler's Gorge, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa katika gridi ya Taifa mwanzoni mwa mwaka 2024, na mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Uwezo wa bwawa hilo peke yake ni megawati 2,115.

Katika mpango huu kuna busara ambayo haina budi kusifiwa. Maji ya Ruaha Mkuu yakishazungusha mitambo ya Mtera hushuka na kuzungusha ya Kidatu, kisha huingia Rufiji na kuzungusha ya Nyerere. Yanafanya kazi mara tatu. Maji ya Kihansi nayo yakitoka katika mtambo huingia Kilombero na kufanya kazi mara ya pili huko chini. Mkulima anayetumia mfereji mmoja kunyweshea mashamba matatu anaielewa busara hiyo.

Lakini busara hiyo hiyo ina hatari ndani yake. Ukijumlisha Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere unapata megawati 2,579, nazo zote zimo katika bonde la mto mmoja. Ni zaidi ya nusu ya uwezo wote wa mitambo iliyounganishwa na gridi ya Taifa. Mfereji ukikauka, mashamba yote matatu yanakauka siku moja.

Je, mfereji huu unaweza kukauka? Historia inajibu. Mwaka 2006 kina cha Mtera kilishuka mno na nchi nzima ikaingia katika mgawo wa umeme. Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015 uzalishaji wa umeme wa maji ulianguka hadi sehemu ndogo ya uwezo wake wa megawati 561, na mitambo mikubwa ikazimwa kwa kukosa maji. Mwaka 2022 mgawo ukarudi tena. Halafu mambo yakageuka. Machi 2024, baada ya mvua kubwa, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Mwezi uliofuata wananchi wa Rufiji na Kibiti walikuwa wakihama nyumba zao kwa mafuriko. Hapa Ifakara wakazi wa kando ya mto Lumemo hawahitaji kusimuliwa habari za maji kuingia ndani ya nyumba.

Hiyo ndiyo sura halisi ya mabadiliko ya tabianchi katika nchi hizi. Wengi hudhani maana yake ni ukame tu, na dhana hiyo ni pungufu. Hewa iliyopata joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo mvua hukawia, na inapokuja huja kwa kishindo. Mwaka mmoja bwawa linakuwa tupu, mwaka wa pili linafurika. Mhandisi aliyepanga mtambo wake kwa kutumia wastani wa mvua wa miaka arobaini iliyopita anajikuta ana kitabu cha hesabu ambacho mvua haikisomi tena.

Tasnia ya umeme haikukaa kimya. Jibu lake la kwanza lilikuwa gesi asilia. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam na kuendesha mitambo ya Ubungo. Mwaka 2015 likakamilika bomba la kutoka Mtwara, na mitambo ya Kinyerezi ikajengwa juu yake. Ni kweli kwamba gesi nayo hutoa hewa ukaa. Lakini Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya hewa hiyo inayotolewa duniani, na Tanzania ni sehemu ndogo ya hiyo sehemu ndogo. Mataifa yaliyojenga utajiri wao juu ya makaa ya mawe kwa miaka mia mbili hayana haki ya kumfokea mwananchi wa Mang'ula kwa sababu ya taa moja na redio. Gesi iliiokoa nchi wakati wa kiangazi, na hilo lisisahauliwe.

Likumbukwe pia lile lililotokea pale ambapo nchi ilikumbwa na kiangazi bila kujiandaa. Mwaka 2006 mitambo ya dharura ilikodiwa kwa haraka na kwa bei ghali, na mkataba wa Richmond ulizaa mgogoro uliomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Ukame haukuandika mkataba ule. Lakini mwenye njaa hapangi bei sokoni, na Taifa lisilo na akiba ya umeme liko katika hali hiyo hiyo mbele ya wafanyabiashara wa dharura.

Jibu la pili ni bwawa kubwa. Ukuta wa Nyerere una kimo cha mita 131, na ziwa lake linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Yapo mawazo kwamba kwa ukubwa huo tatizo limekwisha: maji ya mwaka wa neema yatawekwa kwa ajili ya mwaka wa shida. Mawazo hayo yana ukweli, lakini wenye mawazo hayo waitazame Kariba. Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, limeundwa kushika maji zaidi ya mara tano ya yale ya Nyerere. Mwaka 2024, El Nino ile ile iliyoleta mafuriko Rufiji ilileta ukame kusini mwa Afrika. Kariba ikabaki na maji kidogo sana ya kuzalishia umeme, na wananchi wa Zambia wakakaa bila umeme kwa sehemu kubwa ya siku. Bwawa ni ghala, na ghala halilimi. Ukubwa wa ghala haumsaidii mtu ambaye shamba lake halikuzaa.

Shamba la maji la ghala la Nyerere ni Kilombero. Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Tasnia ya umeme imewekeza fedha nyingi katika zege, chuma na nyaya, na imefanya vema. Lakini mtambo wa kwanza haukujengwa na mhandisi yeyote. Mtambo huo ni msitu wa Udzungwa unaonyonya mvua na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ni uwanda wa Kilombero unaopokea mafuriko ya masika, ukayatandaza, ukayapunguza nguvu, ukaacha tope lake mashambani na kuyapeleka maji mbele kwa kipimo. Mtambo huu ukiharibika, hakuna kiwanda duniani kinachouza vipuri vyake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kihansi. Mto huo ni mdogo, na bwawa lake ni dogo pia. Haliwezi kuweka akiba ya miezi. Nguvu yake iko katika kimo: maji huchukuliwa juu ya ukingo wa Udzungwa na kuporomoshwa zaidi ya mita 850 hadi kwenye mtambo uliojengwa ndani ya mwamba. Kwa kimo hicho, kila mita moja ya ujazo ya maji inayopita kwa sekunde huzaa megawati 7 hivi. Maji ya kiasi hicho hicho pale Kidatu huzaa megawati moja na nusu tu. Kwa hiyo, kijito kinachokauka katika kijiji cha juu huko Mufindi au Kilolo hugharimu umeme wa mji mzima. Mwanakijiji anayekiacha kijito hicho kiendelee kutiririka ni mzalishaji wa umeme, ingawa jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya shirika lolote.

Kihansi ilitoa fundisho jingine, na lilikuwa ghali. Mwaka 1996, mradi ukiwa tayari unajengwa, watafiti waligundua katika korongo la maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kuelekea kwenye mtambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kuhifadhiwa, na mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa korongoni. Mwaka 2003 vyura waliobaki walikufa kwa wingi, na wataalamu wakataja ugonjwa wa ukungu wa ngozi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo wakaanza kurudishwa korongoni.

Wako waliocheka wakati ule: eti Taifa maskini linyimwe umeme kwa sababu ya chura! Kicheko hicho hakikuwa na maarifa. Katika kumtafuta chura, ndipo bonde lote la Kihansi lilipopimwa kutoka kilele hadi tambarare: nani analima wapi, dawa gani za mashambani zinaingia mtoni, miti gani inakunywa maji, kiasi gani cha maji kibaki korongoni. Chura aliilazimisha tasnia ya umeme kupanda mlima na kukitazama chanzo chake chenyewe. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kabla ya kumimina zege. Na kwa kuwa mipango ya mitambo mingine katika mito inayoilisha Kilombero ipo, Ruhudji ukiwa mmoja wake wenye megawati 358, fundisho hilo linastahili kutumika sasa hivi.

Sasa ni nani anayekaa katika mtambo huu wa kwanza? Huko juu ni wakulima wa vinyungu, wanaolima mabonde ya mito wakati wa kiangazi kwa sababu ndiko kuliko na unyevu. Huku chini ni wakulima wa mpunga, wavuvi, wafugaji waliofika na ng'ombe wao kutoka mikoa iliyokauka, na wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Wote wanayahitaji maji yale yale ambayo mitambo inayahitaji. Mwaka 2002 uwanda huu uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta zipatazo 797,000, wakati huo nyumbani kwa sehemu kubwa ya swala sheshe waliobaki Afrika. Mwaka 2012 ilifanywa operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba.

Hatua hizo zina sababu zake, na sheria ni sheria. Hata hivyo ni dhahiri kwamba operesheni humwondoa ng'ombe kwa msimu mmoja; haiiondoi sababu iliyomleta. Mfugaji aliyefika Kilombero kwa kuwa malambo ya kwao yamekauka ni mhanga wa mabadiliko yale yale ya tabianchi yanayoikausha Mtera. Kumwita adui wa maji, bila kumwonyesha mahali pengine penye maji, ni kulihamisha tatizo kutoka wilaya moja hadi nyingine. Na kumwambia mkulima asilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, ni amri ya haki. Lakini mkulima huyo ana watoto wanaokula kila siku.

Lipo pia jambo ambalo wazee wa Ifakara wamekuwa wakiliuliza kwa uchungu, nao wana haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi njia kubwa ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Kihansi kwenda Kidatu ilipita juu ya vichwa vya watu wa bonde hili ikielekea mijini, huku wao wenyewe wakitegemea njia ndogo na ndefu kutoka Kidatu, iliyokatika mara kwa mara. Mashine za kukoboa mpunga zilisimama katikati ya msimu. Kituo cha kupoza umeme kilichojengwa Ifakara katika miaka ya karibuni kimerekebisha dosari hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini deni halikuwa la nyaya peke yake. Je, inawezekana kumtaka mtu alinde kisima ambacho yeye mwenyewe hanywi?

Kutokana na hayo, ndugu wananchi, yako mambo manne yanayostahili kufanywa.

Kwanza, ulinzi wa vyanzo vya maji uhesabiwe kuwa gharama ya kuzalisha umeme, kama yanavyohesabiwa mafuta ya mtambo na vipuri vyake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka ada za matumizi ya maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo. Basi sehemu inayojulikana ya fedha hizo irudi katika vijiji vya chanzo, kupitia jumuiya za watumia maji, nayo isomwe hadharani katika mikutano ya vijiji ili kila mtu aione. Kijiji kinachotunza msitu wake kilipwe kwa kazi hiyo. Ulinzi wa maji usiwe sadaka ya maskini kwa matajiri.

Pili, mkulima apewe njia ya kuzalisha zaidi kwa maji machache. Skimu ya umwagiliaji yenye milango ya kupimia maji na mifereji isiyovuja huacha maji mengi mtoni kuliko operesheni kumi. Mfugaji naye apatiwe malambo, malisho yaliyopimwa na soko la uhakika, huko anakotoka na hapa alipo.

Tatu, Taifa lisitegemee bonde moja. Kenya imezalisha umeme kwa jotoardhi ya Olkaria tangu mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka ardhini, pasipo kungoja mvua. Tanzania ina bonde la ufa hilo hilo. Ina jua la Shinyanga na Dodoma, ambalo huwaka kwa nguvu zaidi katika miezi ile ile ambayo mabwawa hupungua. Mitambo ya jua ikifanya kazi mchana, maji hubaki bwawani kwa ajili ya usiku. Hapa hapa Kilombero kiwanda cha sukari hujizalishia umeme kwa makapi ya miwa. Na gesi ibaki kuwa akiba ya mwaka mbaya.

Nne, jiko litazamwe pamoja na taa. Familia nyingi mno za Kitanzania bado hupika kwa kuni na mkaa, na mkaa ni msitu. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hapa bondeni lengo hilo lina maana ya pekee: mti usiokatwa kwa ajili ya mkaa katika miteremko ya Udzungwa hushika maji yatakayozungusha mtambo. Lakini bei ya gesi ya kupikia na ya jiko la umeme lazima imfikie mama muuza mandazi wa Kibaoni, la sivyo mkakati utabaki kwenye karatasi.

Mambo haya yana gharama. Mwalimu Nyerere alilifundisha Taifa hili kwamba kupanga ni kuchagua. Uchaguzi ulio mbele si kati ya umeme na msitu, wala kati ya mhandisi na mkulima wa mpunga. Taifa linachagua ama kulipa kidogo kila mwaka kwa ajili ya kutunza chanzo, ama kulipa kwa pupa kila baada ya miaka michache kwa mitambo ya kukodi, viwanda vilivyosimama na hospitali zenye giza.

Bwawa la Nyerere limejengwa kwa fedha za Watanzania wenyewe, na fahari hiyo ni ya haki. Fahari hiyo sasa ipande mto. Ipite Shughuli, ifike Ifakara, ipande mpaka kwenye vijito vya Udzungwa, ikamkute mwanakijiji anayelinda chemchemi na kumhesabu kuwa mfanyakazi wa Taifa. Akihesabiwa hivyo, ataitunza chemchemi hiyo kwa kuwa ni yake, na mitambo tisa iliyoko huko chini itakuwa na maji ya kuizungusha.